Uveitisi ya Farasi: Ulipie Matone, Kipandikizi, Upasuaji, au Uliondoe Jicho?

Hakuna ugonjwa unaopofusha farasi wengi duniani kuliko uveitisi ya kujirudia, na ni maradhi machache yanayomkausha mwenye farasi mfukoni taratibu kama haya. Bili yake haiji mara moja. Inakuja ndogo, jicho linapona, miezi inapita, kisha jicho lilelile linafumbwa tena, machozi yanatiririka na daktari anaitwa upya. Marekani, makadirio yanayotajwa ni kati ya farasi 2 na 25 kwa kila 100, kutegemea eneo na aina ya farasi waliochunguzwa.

Makala haya ni ya mtu ambaye ameshaambiwa jina la ugonjwa, na sasa ameshika kalamu anapiga hesabu: aendelee na matone, alipie upasuaji, au jicho litolewe? Msimamo wangu nauweka wazi mapema. Kwa farasi anayeshambuliwa mara kwa mara, chupa ya dawa iliyo rahisi dukani ndiyo njia ghali kuliko zote. Na kulitoa jicho ambalo limeshapofuka na bado linauma ni huduma ambayo wengi huichelewesha kwa huruma, huku anayeteseka ni farasi.

Kwanza, tujue tunalipia nini. Uveitisi ni uvimbe wa tabaka la kati la jicho. Tabaka hilo lina mishipa mingi ya damu, na sehemu yake ya mbele ndiyo irisi, lile duara lenye rangi. Kwa kawaida ndani ya jicho pametengwa na mfumo wa kinga wa mwili. Utengano huo ukivunjika, chembe za kinga zinazoitwa chembe T huingia, hubaki humo, na huanza kuzishambulia protini za retina kana kwamba ni vijidudu. Mara nyingi chanzo cha kwanza ni bakteria wa Leptospira, anayesambazwa na mkojo wa panya, wanyamapori na mifugo, hasa penye maji yaliyotuama. Baadhi ya protini za bakteria huyu zinafanana na za jicho, kwa hiyo kingamwili zilizotengenezwa dhidi yake hulipiga jicho pia. Ndiyo sababu shambulio hurudi hata pale ambapo damu haina tena mdudu wa kutibiwa.

Mtu wa kwanza kuliona shambulio ni saisi, si daktari. Simama mbele ya farasi umtazame uso kwa uso: kope za juu za jicho zima huelekea mbele, na za jicho linalouma huinamia chini. Tofauti hiyo huonekana hata kabla ya machozi. Baadaye mboni hujibana mpaka ikawa ufa mwembamba, konea hupata ukungu wa rangi ya bluu, na wakati mwingine usaha hutuama chini ndani ya jicho. Kila shambulio huacha makovu. Irisi hunata kwenye lenzi, mtoto wa jicho hujijenga, lenzi hung'oka mahali pake, presha ya jicho hupanda, au jicho zima husinyaa. Ipo pia aina ya kimyakimya isiyofumba jicho wala kutoa machozi mengi, ambayo huwapata zaidi farasi wa Appaloosa na wale wakubwa wa kukokota mizigo. Hao hugunduliwa wameshaharibika.

Fedha ya kwanza, basi, iende kwenye uchunguzi. Karatasi ya fluoresini ni kitu cha bei ndogo kuliko vyote nitakavyovitaja hapa. Daktari huilowanisha, huigusisha ndani ya kope, na rangi ya kijani ikishika kwenye konea ina maana pana kidonda. Hilo ni muhimu kwa sababu steroidi inayookoa jicho lenye uveitisi ndiyo hiyohiyo inayoliangamiza jicho lenye kidonda: huchelewesha kupona, hukaribisha fangasi, na konea inaweza kuyeyuka ndani ya siku chache. Nimesikia mara nyingi mwenye farasi akisema aliokoa fedha kwa kutumia tyubu iliyobaki ya mwaka jana bila kumwita daktari. Hakuna akiba pale. Kipimo cha presha ya jicho nacho kina thamani yake, kwa sababu uveitisi kwa kawaida huishusha presha na glakoma huipandisha, na matibabu ya hayo mawili hayafanani.

Vipimo vya Leptospira vinahitaji umakini zaidi. Farasi wengi wazima wana kingamwili zake kwenye damu bila kuwa na tatizo lolote la jicho, kwa hiyo jibu la damu peke yake halitoshi kuamulia upasuaji. Linalotosha ni jibu la maji yaliyotolewa ndani ya jicho lenyewe, na hilo ni kazi ya mtaalamu. Hata hivyo damu inaweza kukuonyesha safari itakuwa ndefu kiasi gani. Ann Dwyer na wenzake walifuatilia farasi wa jimbo la New York na kuchapisha matokeo mwaka 1995. Appaloosa walikuwa na uwezekano wa kupata uveitisi mara 8 zaidi ya farasi wengine. Ndani ya miaka 11 tangu shambulio la kwanza, Appaloosa wote waliokuwa na kingamwili za Leptospira walipatwa na upofu. Kwa farasi wa aina nyingine wasio na kingamwili hizo, upofu uliwapata 34 kwa kila 100. Wote hawa wana ugonjwa wa jina moja, lakini mwenye Appaloosa wa kundi la kwanza akipanga bajeti kama mwenye farasi wa kundi la pili, atakuwa amejidanganya tangu siku ya kwanza. Kwa Appaloosa kuna pia kipimo cha jeni ya madoa iitwayo LP, kinachofanywa kwa vinyweleo vilivyong'olewa na mizizi yake. Farasi mwenye nakala mbili za jeni hiyo yuko kwenye hatari kubwa zaidi. Ni kipimo cha kulipiwa mara moja tu maishani, na anayenunua Appaloosa angefanya vizuri kukidai kabla ya kutoa fedha.

Sasa matone. Shambulio moja huhitaji steroidi ya jicho, ama prednisoloni asetati ya asilimia 1 au deksamethasoni ya asilimia 0.1; atropini ya kuipanua mboni isinate kwenye lenzi na kupunguza maumivu; na dawa ya kupoza uvimbe mwilini, mara nyingi fluniksini. Matibabu hayaishi siku jicho linapofunguka. Huendelea kwa wiki mbili au zaidi baada ya dalili kutoweka, dozi zikipunguzwa polepole, na anayekatiza njiani huwa analipia shambulio lijalo.

Tupige hesabu ya wiki nne, mara nne kwa siku. Hizo ni dozi 112 za dawa moja. Farasi asiyekubali kuguswa jicho huwekewa mrija mwembamba unaopitishwa kwenye kope na kufungwa kwenye nywele za shingo, na kila dozi husukumwa humo kwa bomba la sindano, mililita 0.2 hivi. Chupa ya mililita 5 inatoa dozi 25, yaani inakwisha siku ya saba asubuhi. Kwa wiki nne unahitaji chupa tano za steroidi peke yake, na hata ukipunguza dozi mwishoni huwezi kushuka sana. Ongeza atropini, fluniksini, gharama ya kuweka mrija, ziara za daktari, na kisha kile kisichoandikwa kwenye bili yoyote: muda wa saisi. Kuna dozi ya usiku wa manane, na kuna siku ambazo farasi hakubali mpaka washike watu wawili. Zizi lenye saisi mmoja na farasi wengi haliwezi kuyabeba haya mara sita kwa mwaka, hata mwenyewe akiapa kwamba litaweza.

Malhamu ya tyubu hupunguza gharama kwa farasi mpole, kwa sababu hukaa jichoni muda mrefu kuliko tone na hayahitaji mrija. Ubora wa dawa ya binadamu iliyo na kiambato hichohicho na nguvu ileile si duni, na daktari akiandika jina la kiambato badala ya jina la kampuni, famasia ya kawaida inaweza kukuuzia kwa bei nafuu.

Hapa pana mitego minne inayowala watu fedha. Matone ya siklosporini, yanayouzwa kwa ajili ya macho makavu, hayapenyi konea ya farasi kiasi cha kufika panapouma; ukiyanunua kwa ajili ya uveitisi umelipia maji. Malhamu ya haidrokotisoni ni dhaifu mno kwa kazi hii. Kuchanganya fluniksini na fenilbutazoni eti dawa iongezeke nguvu kunaongeza vidonda vya tumbo na madhara ya figo. Na fluniksini ichomwe kwenye mshipa au ipewe kwa mdomo, isichomwe kwenye msuli, kwa sababu msuli unaweza kuoza kwa bakteria na bili ya kuutibu ikaipita ile ya jicho. Atropini nayo ina lake: hupunguza mwendo wa utumbo. Saisi aangalie kinyesi kila siku na kusikiliza tumbo, maana msokoto wa tumbo unaotokana na kukwama kwa kinyesi unaweza kumuua farasi ambaye tatizo lake lilikuwa jicho tu.

Kipandikizi cha siklosporini kilibuniwa kwa sababu dawa hiyo haiingii jichoni kwa nje. Kazi yake kubwa ilifanyika Chuo Kikuu cha North Carolina State, Marekani, ikiongozwa na mtaalamu wa macho ya wanyama Brian Gilger. Ni kidonge bapa kinachofichwa chini ya ngozi nyeupe ngumu ya jicho, nacho hutoa dawa kidogokidogo kwa miaka mitatu au zaidi. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2010, ya macho 151, yalionyesha wastani wa mashambulio ukishuka kutoka 0.54 hadi 0.09 kwa mwezi. Ukiyageuza hayo kuwa miaka mitatu, ni mashambulio 19 yaliyopungua kuwa 3.

Nadhani hiyo ndiyo hesabu bora ya kulipimia jambo hili popote ulipo, kwa shilingi, riali au dola. Jumlisha shambulio moja lilikugharimu nini mwaka jana, pamoja na mshahara wa saisi na siku ambazo farasi hakufanya kazi. Zidisha kwa 16. Katika hospitali za Marekani kipandikizi hufika dola elfu kadhaa kwa jicho, ukihesabu uchunguzi, upasuaji na kulazwa. Kwa farasi anayeshambuliwa kila baada ya miezi miwili, kipandikizi hushinda kwa mbali. Kwa farasi aliyepata shambulio moja mwaka huu na hakuna lingine mwaka uliotangulia, hesabu hiyo haisimami, na matone bado ni chaguo la busara.

Kuna masharti ambayo anayekuuzia upasuaji anapaswa kukueleza bila kuulizwa. Jicho lazima litulizwe kwanza kwa dawa. Jicho lenye glakoma au mtoto wa jicho mkubwa halifai. Dawa huchukua wiki kadhaa kufikia nguvu yake, kwa hiyo matone hayaishi siku ya upasuaji, na siku kidonge kikiishiwa dawa unaweza kuhitaji kingine.

Ujerumani walichukua njia nyingine. Tangu miaka ya 1990, hasa Munich, madaktari wamekuwa wakiunyonya ute mzito ulio nyuma ya lenzi na kuweka maji safi mahali pake. Mantiki yake ni kwamba kwenye farasi wengi wa huko Leptospira bado imejificha ndani ya ute huo, na kuuondoa ni kuondoa kichocheo. Pale ambapo maji ya jicho yamethibitisha Leptospira, wengi mno hawashambuliwi tena. Pale ambapo hayakuthibitisha, upasuaji huo una faida ndogo, na mtoto wa jicho au retina kubanduka vinaweza kufuata. Marekani, ambako matokeo hayakuwa mazuri kama ya Ujerumani, haukuenea. Kwa hiyo mtu akikupa bei ya upasuaji huu kabla ya kipimo cha maji ya jicho, hiyo si bei ya kuijadili.

Upasuaji huu unahitaji farasi alazwe kwa nusukaputi, na nusukaputi ya farasi si kama ya mbwa. Utafiti mkubwa wa kimataifa uliochapishwa mwaka 2002 ulihesabu vifo 0.9 kwa kila farasi 100 waliopasuliwa kwa sababu zisizo za msokoto wa tumbo. Mwenye farasi aijue hatari hiyo kabla hajasaini, kama anavyoijua bei.

Kati ya chupa na kisu kuna sindano. Miligramu 4 za gentamisini, antibiotiki ya zamani isiyo ghali, huchomwa mara moja ndani ya ute wa jicho farasi akiwa amesimama, ametulizwa na kupigwa ganzi. Matokeo ya kwanza yaliyochapishwa Ulaya mwaka 2019 yalionyesha farasi wengi wakitulia, wakiwemo wasio na Leptospira, na ndipo njia hii ilipopata wafuasi. Nyingine mpya zaidi ni steroidi ya triamsinoloni inayochomwa kwenye nafasi nyembamba chini ya ngozi nyeupe ya jicho, inayokaa kwa miezi. Kwa gharama, sindano hizi ziko chini sana ya kipandikizi. Lakini gentamisini ikizidi ni sumu kwa retina. Dozi kubwa hutumiwa makusudi kuua tezi za maji ya jicho lililokwisha kupofuka kwa glakoma. Urahisi wa dawa usimfanye mtu aione kazi yenyewe kuwa rahisi. Unalipia mkono uliofundishwa, na swali la kumwuliza daktari ni ameshaifanya mara ngapi.

Na jicho lililokwisha kupofuka? Hapo nasikitika zaidi, kwa sababu nimeona farasi waliotunzwa vizuri kwa kila kitu wakiachwa na jicho lililovimba kwa presha, kichwa wamekiinamisha, chakula wanakila nusu, na mwenyewe anasema amezoea. Farasi huficha maumivu. Jicho likiondolewa, wengi huchangamka ndani ya siku chache, na ndipo mwenyewe anapojua lilikuwa linauma kiasi gani. Operesheni inaweza kufanywa farasi akiwa amesimama kwa dawa ya kutuliza na ganzi, jambo linaloondoa hatari ya nusukaputi na sehemu kubwa ya gharama. Ni upasuaji rahisi kuliko mwingine wowote niliouelezea hapa, na ndio pekee ambao baada yake jicho hilo halitakuja na bili nyingine.

Farasi wa jicho moja bado anaweza kufanya kazi. Patch, farasi wa mbio aliyetolewa jicho la kushoto, alikimbia Kentucky Derby mwaka 2017 na mwaka huohuo akamaliza wa tatu katika Belmont Stakes. Farasi wa namna hii anahitaji wiki za kuzoea, watu wanaomsemesha kabla ya kumkaribia upande usioona, na mpandaji asiye na haraka.

Kwa mwenye farasi aliye Karen jijini Nairobi, Nanyuki au Arusha, orodha hii yote si duka lililo wazi. Kipandikizi hata Marekani hupitia kwa wataalamu wa macho ya wanyama, na kumpeleka farasi Ulaya akapasuliwe ni ndoto, kwani ugonjwa wa farasi wa Afrika umo katika ukanda wetu na masharti ya karantini ni makali. Njia za kweli ni tatu: matone yaliyofanywa kwa ukamilifu, sindano akipatikana daktari aliyefunzwa kuipiga, na kuliondoa jicho. Kwa Maskati na Ghuba, ambako hospitali za farasi zimejengeka zaidi, inafaa kuuliza kwanza hapo karibu kabla ya kuamini kwamba hakuna.

Vilevile kuna fedha ndogo inayofanya kazi kubwa kabla ya shambulio. Barakoa ya wavu huzuia nzi na hupunguza makali ya jua, na ni lazima kwa farasi aliyewekewa atropini, ambaye mboni yake inaweza kubaki wazi kwa siku nyingi. Zungushia uzio madimbwi, hifadhi nafaka mbali na panya, na chanjo zipangwe kwa nafasi badala ya kupigwa zote siku moja, kwa kuwa baadhi ya farasi hushambuliwa baada ya chanjo. Chanjo ya Leptospira ya farasi ilipata kibali Marekani mwaka 2015, lakini inalenga aina ya Pomona pekee na haitibu jicho ambalo limeshaanza kuugua.

Mwisho ni kwa anayenunua. Lipia uchunguzi wa macho gizani, mboni ikiwa imepanuliwa kwa dawa, na mwombe daktari atafute alama mbili: mabaki ya rangi ya irisi yaliyonata kwenye lenzi, na makovu yenye umbo la mabawa ya kipepeo kando ya mshipa wa fahamu wa jicho. Akiziona, bei ishuke au biashara ivunjike, hata kama farasi anaona vizuri siku hiyo. Kampuni za bima kwa kawaida hukataa kulipia jicho lililokuwa na historia kabla ya mkataba, kwa hiyo mashambulio yajayo ni yako peke yako. Kinyume chake, farasi aliyetolewa jicho miaka kadhaa iliyopita, na lililobaki likachunguzwa likaonekana safi, mara nyingi huuzwa kwa bei ya chini. Kwa mtu anayetafuta farasi wa kupanda polepole shambani, mimi ningemchagua huyo.